Kilo zilipofufuka, fundi cherehani ndiye aliyejua kwanza

Fundi wangu yuko Magomeni, na ana daftari gumu analolifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Humo kuna vipimo vya nusu ya mtaa. Mimi nina ukurasa wangu peke yangu. Aprili 2016: kiuno inchi 49. Desemba 2017: inchi 37. Pembeni ya namba hiyo aliandika neno moja kwa penseli, “anaumwa?”, akasahau kulifuta. Julai 2023: inchi 44.

Siku hiyo ya Julai nilimpelekea kitenge cha sare ya harusi. Akanizungushia tepu kiunoni, akanyamaza, akaizungusha tena kama mtu asiyeamini chenji aliyorudishiwa. Kisha akauliza taratibu, “Dada, nikuachie kitambaa ndani ya mshono?” Fundi haulizi swali hilo kwa kila mtu. Anaulizwa mjamzito, anaulizwa mama wa mtoto anayekua, na anaulizwa yule ambaye fundi anaona bado yuko safarini. Nikamwambia aache inchi mbili kila upande. Nilipopanda bajaji nililia mpaka Mwananyamala, na dereva, akidhani nimefiwa, akanipunguzia nauli.

Sikufiwa. Kilo ndizo zilizofufuka.

Mwaka 2016 nilikwenda Chennai, India, kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa sentimita 163, vidonge viwili vya presha kila asubuhi, na magoti yaliyokuwa yanagoma kwenye ngazi za ofisini. Pesa ilitoka kwenye mkopo wa SACCOS. Kwenye fomu niliandika “matibabu” na hakuna aliyedadisi. Mtaani watu husema “amekatwa utumbo”, lakini mimi utumbo haukuguswa. Nilifanyiwa slivu: mfuko wa chakula unakatwa kwa urefu, robo tatu yake au zaidi inatolewa nje kabisa, unabaki na kimfuko chembamba chenye umbo la ndizi. Sehemu inayotupwa ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, ile homoni ya njaa ambayo watafiti wa Japani waliitambua mwaka 1999. Kwa hiyo unapunguziwa chombo, na njaa yenyewe unapunguziwa, kwa mkato uleule.

Mwaka wa kwanza nilipungua kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Kufikia mwisho wa 2017 nilikuwa na kilo 86. Vidonge vya presha daktari aliviondoa vyote. Nilipanda daraja la Manzese bila kusimama katikati kujifanya natafuta simu kwenye pochi.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo daktari wa Chennai asingeweza kulijua. Kwetu mtu akikonda haraka, majirani wana orodha fupi ya sababu, na hakuna hata moja ya kupongezwa. Sikuwa nimemwambia mtu zaidi ya mama na rafiki mmoja. Shangazi alikuja kutoka Morogoro na chupa ya maji ya kuombewa. Mwenzangu wa ofisini alinivuta pembeni akaniambia kwa upendo wote kwamba siku hizi dawa zipo, mtu anaishi hata miaka arobaini, la msingi ni kutoruka dozi. Nilimshukuru. Ungemwambia nini?

Halafu, kuanzia 2019, kilo zikaanza kurudi, mbili mbili, na mji wote ukafurahi. “Eh, umenawiri!” “Sasa umerudi kuwa mtu.” “Mungu mkubwa, tulikuwa tunakuombea.” Shangazi akachinja kuku. Kila kilo iliyorudi ilipokewa kwa vigelegele, nami nikavipokea, kwa sababu baada ya miaka miwili ya kutazamwa kama marehemu mtarajiwa, kusifiwa ni kutamu. Kama kuna mtu anataka kujua kwa nini nilichelewa kushtuka, jibu ni hilo. Huku kwetu kuongezeka uzito hakuna king'ora. Kuna pongezi.

Nilizirudishaje? Kwanza nikiri sehemu yangu. Ile ndizi ya tumbo haipendi nyama. Mshikaki mmoja usiotafunwa vizuri ulikuwa unakwama kifuani kama gari kwenye matope ya masika, natokwa na mate, natafuta choo. Biskuti iliyochovywa kwenye chai ya maziwa haikuwahi kukwama hata siku moja. Wala juisi ya embe, wala uji wa sukari, wala aiskrimu, wala krispi za muhogo zinazoyeyuka mdomoni kabla hujazihesabu. Tumbo dogo linazuia sahani. Haliwezi kuzuia mteremko. Taratibu, bila kupanga, nikawa nakula vile vinavyoteleza na kuacha vile vinavyokwama, na vinavyoteleza karibu vyote ni sukari na mafuta. Karatasi ya chakula niliyopewa siku ya kuruhusiwa ilijaa paneer, ile jibini ya Kihindi, na vyakula vingine ambavyo Buguruni sokoni ukiviuliza wanakucheka. Hospitali ilipiga simu mara mbili, halafu kimya. Sikuwa na mtu wa kumwuliza kama kikombe cha nne cha chai ni chakula au ni kinywaji.

Lakini sehemu yangu si yote, na hili nimelijua kwa kuchelewa. Uswidi kulikuwa na utafiti mkubwa ulioanza 1987, watu karibu 4,000, nusu wamefanyiwa upasuaji na nusu hawakufanyiwa, wakafuatiliwa miaka na miaka. Waliofanyiwa baipasi, yaani tumbo linaachwa kimfuko kidogo na utumbo unaunganishwa nacho moja kwa moja, walifika chini kabisa ndani ya mwaka mmoja au miwili, wakiwa wamepoteza kama asilimia 32 ya uzito wao. Kwenye mwaka wa 10 walikuwa wamebaki na punguzo la asilimia 25. Soma tena: hao ni watu wa Uswidi, wenye kliniki na miadi na wataalamu wa lishe, na bado kuna kiasi kilichorudi. Slivu haikuwemo kwenye utafiti ule, lakini mchoro wake unafanana: unashuka kwa kishindo, unatulia, halafu unapinda kidogo kwenda juu.

Mwili una kumbukumbu na una kinyongo. Mwaka 2016, mwaka uleule niliolazwa, Marekani walichapisha matokeo ya watu 14 waliokuwa wameshindana kupunguza uzito kwenye televisheni. Kwenye shindano hakuna aliyepasuliwa, walijinyima na kukimbia tu. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa bado inachoma karibu kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hiyo ni kama sahani ya wali na maharage ambayo jirani yako mwenye uzito kama wako anakula bila kuongezeka, na wewe huna ruhusa nayo. Upasuaji unaulaza huo mwili uliokuja juu. Baada ya miaka, kwa baadhi yetu, unaanza kuamka.

Nilipojipima baada ya siku ile ya fundi, mizani ya duka la dawa ilisema 109. Kilo 23 zimerudi kati ya 42 zilizokwenda. Kidonge kimoja cha presha kilikuwa kimesharudi mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nimekubaliana nacho kimyakimya.

Nilikwenda kwa daktari bingwa mmoja hapa Dar nikiwa na hotuba yangu tayari. Nilipanga kujishtaki mwenyewe kabla hajanishtaki: nimekula, nimeharibu, naomba unikate tena. Aliisikiliza kama anayesikiliza tangazo la redio. Kisha akauliza: “Usiku unalalia mito mingapi?”

Mitatu. Nilikuwa nalalia mito mitatu tangu 2020. Nikilala chini kidogo, tindikali inapanda mpaka kooni, naamka nakohoa. Nilishazoea; kwenye droo ya ofisi nilikuwa na dawa za kiungulia kama wengine walivyo na pipi. Nilidhani ni gharama ndogo ya kawaida. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, nami sikuwa nimeiunganisha na kitu chochote.

Akanieleza kwamba ile ndizi ni bomba lenye presha. Mlango wa chini ni mwembamba, ndani hakuna nafasi ya kutanuka, basi kilichomo kinatafuta njia ya juu. Wafini waliwafuatilia watu 240, nusu slivu nusu baipasi, na walipowaangalia kwa kamera baada ya miaka 10 walikuta umio, ile njia ya chakula toka kooni, umeathirika kwa tindikali kwa asilimia 31 ya wenye slivu, na asilimia 7 ya wenye baipasi. Kwa upande wa kilo tofauti haikuwa kubwa sana. Kwa upande wa moto kifuani, ilikuwa mbingu na ardhi.

Akanituma vipimo viwili. Kimoja ni kunywa ule uji mweupe wa bariamu mbele ya eksirei, kuona tumbo limebaki na umbo gani. Kingine ni kamera ya kumezeshwa, ambayo sitaielezea kwa sababu kuna watu wanasoma huku wanakula. Majibu: tumbo langu lilikuwa limetanuka kidogo tu sehemu ya juu, na umio ulikuwa umechubuka. Yaani ile hadithi niliyojihadithia miaka minne, kwamba nimekula mpaka nikalipasua tumbo, haikuwa kweli. Tumbo lilikuwa bado dogo. Kilo zilipita mlango mwingine.

Ndiyo maana siku hizi mtu akinitumia ujumbe, “dada, yangu imerudi, nifanye upasuaji gani?”, namwuliza ameshaangaliwa ndani au bado. Wengi bado. Wanauliza bei.

Dokta aliniwekea mambo mezani na alikuwa mkweli kwa kila moja. Kukata slivu juu ya slivu, yaani kulibana tena tumbo lilelile, hakukupenda hata kidogo. Kama lilikuwa halijatanuka sana, unabana nini? Na kiungulia kingezidi. Kuweka puto, ambalo nusu ya ofisi yangu ilinishauri kwa sababu wamesikia hospitali ya Mloganzila wanaweka, ndiko kulikokuwa rahisi kukataa: puto si la mtu ambaye tumbo lake limeshawahi kukatwa. Kuna upasuaji ulioanzia Madrid mwaka 2007, ambao unaiacha slivu kama ilivyo na kuunganisha utumbo mbali kule chini, chakula kiruke sehemu kubwa ya njia. Huo kwa kilo ndio wenye nguvu. Ila unafyonza kidogo kila kitu, pamoja na vitamini A, D, E na K ambazo zinahitaji mafuta ili ziingie mwilini, na unataka vipimo vya damu na vidonge maisha yote. Nilijiuliza kama mimi, niliyeshindwa kupata mtu wa kunijibu kuhusu chai, nitaweza kuishi na mwili unaodai uangalizi wa namna hiyo. Halafu kiungulia kisingeondoka.

Ikabaki kugeuza slivu kuwa baipasi. Kipande cha juu cha tumbo kinaachwa kama kimfuko cha ukubwa wa yai, utumbo mwembamba unakatwa na kuunganishwa nacho kwa umbo la herufi Y, ufundi wa kuunganisha unaobeba jina la daktari wa Uswisi, César Roux. Tumbo lililobaki halitolewi, linakaa pembeni bila kuona chakula tena. Tindikali inabaki kule chini, haina njia ya kupanda. “Kwa kiungulia nakuahidi karibu kwa uhakika,” dokta alisema. “Kwa kilo sikuahidi kitu kikubwa. Ile fungate ya mara ya kwanza haiji mara mbili. Na kuingia mahali palipokwishakatwa, penye makovu, hatari yake ni kubwa kuliko mara ya kwanza.”

Nikamwuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito, kwa sababu nani hajasikia habari za sindano. Alisema kama isingekuwa umio wangu, angeanzia huko. London walijaribu sindano ya liraglutidi kwa watu 70 waliokwishapasuliwa lakini upasuaji haukuwapunguza vya kutosha. Baada ya wiki 24, waliochomwa dawa walishuka kwa wastani asilimia 8.8, waliochomwa maji matupu hata asilimia moja hawakufika. Zipo mpya zaidi zenye nguvu zaidi. Lakini ukiacha, njaa inarudi na kilo nyingi zinarudi nayo, kwa hiyo si dawa ya miezi mitatu kabla ya harusi kama watu wanavyoichukulia. Nilipouliza bei duka la dawa Posta, dozi ya mwezi ilikuwa inakaribia kodi ya nyumba yangu, na kalamu zake, maana sindano yenyewe inakuja kama kalamu, zinataka friji, na friji inataka umeme, na umeme unajua tabia yake. Kuhusu zile zinazouzwa kwa ujumbe wa simu na kuletwa na bodaboda ndani ya kimfuko chenye barafu iliyoyeyuka, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo mwaka 2024 kuhusu semaglutidi, mojawapo ya hizo mpya, bandia zilizokamatwa Marekani, Uingereza na Brazili. Kama huko zimepenya, bodaboda wa Sinza atazizuia?

Rafiki yangu aliyeolewa Muscat alipitia njia nyingine kabisa. Yeye alianza na baipasi mwaka 2013, kwa hiyo kuibadilisha haikuwa na maana ileile. Tatizo lake lilikuwa ule mlango kati ya kimfuko na utumbo: umelegea, chakula kinapita kama maji kwenye bomba bovu, shibe haikai. Walimwingizia kamera mdomoni, wakaushona mlango uwe mdogo tena, jioni yuko kwake. Ameshuka kilo nane na anasema inatosha. Nilimwonea wivu, lakini lilikuwa jibu la tatizo lake, si langu.

Upasuaji wa kwanza ulilipwa na SACCOS. Wa pili ulilipwa na kiwanja changu cha Chanika. Mei 2024 nilirudi India, mji mwingine, hospitali nyingine. Saa tatu na nusu mezani, kwa sababu ya makovu. Siku ya pili homa ilipanda na kila mtu chumbani akawa mpole ghafla, wakanipeleka mbio kupima kama maungio yanavuja. Hayakuvuja. Nilikaa siku nne zaidi nikiangalia dirishani njiwa wa Kihindi, ambao ni wakorofi kuliko wa kwetu.

Usiku wa kwanza nyumbani nililalia mto mmoja. Nililala chali. Niliamka saa kumi na moja kwa adhana, koo limetulia, nikabaki nimelala hivyohivyo kama mtu aliyerudishiwa kitu alichosahau kwamba kiliibiwa.

Kilo? Mwaka mmoja na nusu baadaye nilikuwa na 95. Kumi na nne zimekwenda, na nyingi zilikwenda miezi sita ya mwanzo. Kwa aliyezoea hadithi za “nilipungua nusu” ni matokeo ya kuchekesha. Lakini nilifundishwa hesabu mpya na dokta: usipime kutoka 86, ile ilikuwa kilele cha mlima, hakuna anayejenga nyumba kileleni. Pima kutoka 128. Hata siku ile niliyolia kwenye bajaji nilikuwa chini ya mwanzo wangu kwa kilo 19, na miaka yote ile magoti yangu yalikuwa yanazishukuru bila kuniambia.

Baipasi ina sheria zake na hazina utani. Nusu glasi ya juisi ya miwa, siku ya Sabasaba, ilinilaza chini kwenye benchi la mtu, jasho linatiririka, moyo unakimbia kama ngoma ya msondo. Sukari imeanguka kwenye utumbo moja kwa moja bila kupita geti. Kila baada ya miezi mitatu nachomwa vitamini B12. Madini ya chuma na kalsiamu kila siku, na haviliwi pamoja. Na diklofenaki, ambayo kwetu unapewa ukisema tu “kichwa”, mimi marufuku, inatoboa vidonda pale kwenye maungio. Nimeandika kwenye karatasi ndogo iliyo nyuma ya kitambulisho cha taifa, maana siku nikianguka Kariakoo mtu mwema wa kwanza atanikimbilia nayo.

Safari hii niliwaambia watu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: kwa hiyo yule kuku wa 2019 alichinjwa kwa kosa? Nikamwambia hapana, alikuwa mtamu.

Fundi naye nilimweleza, juzi, nilipopeleka kitenge kingine. Nilimwonyesha na lile neno lake la penseli. Aliona haya, akatafuta kifutio, hakukipata, akalifuta kwa kidole kilichotiwa mate. Akanipima: inchi 40. Akaandika safu ya nne. Kisha akauliza, kalamu ikiwa bado hewani, “Sasa hii nayo ikirudi, wanakata tena?”

“Inategemea na watakachokikuta.”

“Mara ngapi mtu anaweza kukatwa?”

Nikamwambia nitamwuliza dokta. Akatikisa kichwa, akachukua chaki, akaanza kuchora kwenye kitambaa. Mstari wa kushona, halafu mstari wa kukata, na kati ya hiyo miwili aliacha nafasi. Safari hii hakuuliza, na mimi nilikaa kimya nikitazama mkasi ukipita.